Upande wa Kinachotoka

Mtu akilazwa huku kwetu, swali la kwanza kutoka nyumbani huwa moja: ameongezwa maji? Ukisema ndiyo, simu inakatwa kwa amani. Ukisema daktari hakuona haja, utaulizwa, basi amelazwa afanyiwe nini? Mimi ni muuguzi, nimezunguka wadi za Kisii na Nyamira miaka mingi, na nimekubali kwamba kwa watu wetu ile chupa inayoning'inia kwenye stendi ndiyo hospitali yenyewe. Sindano huchomwa ikaisha, vidonge humezwa vikasahaulika, lakini dripu inaonekana. Mgeni akiingia wadini anaiona kabla hajamwona mgonjwa.

Siwacheki. Hata mimi, kabla sijasoma kazi hii, niliamini hivyo hivyo. Na nimeona chupa hiyo ikimrudisha mtu ambaye ndugu zake walikuwa wameshaanza kunong'onezana habari za gari la kumrudisha nyumbani. Mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, mkono umekuwa baridi, mshipa umejificha. Unaupata, unafungua maji yaende kwa kasi huku damu ikitafutwa, na baada ya muda macho yanaanza kukufuata tena. Aliyeshuhudia hayo mara moja hawezi kulaumiwa kwa kuidai dripu maisha yake yote.

Ndani ya chupa, hata hivyo, hakuna siri kubwa. Salaini ya kawaida ni gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyotakaswa. Ringa ina chumvi hiyo, potasiamu kidogo, kalisi na lakteti. Jina lake linatoka kwa Sydney Ringer, daktari wa London wa miaka ya 1880, aliyegundua kwamba moyo wa chura ulidunda vizuri zaidi katika chumvi iliyochanganywa na maji ya bomba kuliko katika maji yaliyoondolewa kila kitu. Kalisi ya bomba ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi bila kualikwa. Na ile ya sukari, ambayo kliniki za sokoni huitangaza kama maji ya nguvu, ina gramu 25 za sukari katika nusu lita, yaani kama vijiko sita vya chai. Ndizi moja mbivu ya shambani kwetu inakaribia kuleta nguvu hiyo hiyo, na haichomi mshipa. Nimewahi kumwambia hivyo mzee mmoja aliyekuwa akitafuta pesa za kuongezwa nguvu; aliniangalia kwa huruma, kama mtu ambaye shule ilimharibu.

Ajabu ni kwamba Gusii, yaani huku kwetu Kisii na Nyamira, ni nchi ya maji. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mto Gucha unaanzia katika vilima vya Nyamira, unateremka hadi Ziwa Victoria, na karibu kila bonde lina chemchemi ambayo mtu atakuapia kwamba ni safi tangu enzi za babu yake. Lakini nyumba zetu zimejengwa juu ya vilima, zimebanana, vyoo viko juu na chemchemi ziko chini. Maji yanang'aa, mtoto anakunywa, na baada ya siku chache anafikishwa hospitali macho yametumbukia. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kukaukiwa maji ni ugonjwa wa Turkana na Mandera. Nimeona wengi zaidi wakikauka katikati ya migomba, mvua ikigonga mabati.

Mtu mzima wa kilo 70 ana lita kama 42 za maji mwilini. Theluthi mbili zimo ndani ya seli. Katika theluthi inayobaki, sehemu kubwa iko katikati ya seli na seli, na zile zinazozunguka ndani ya mishipa kama majimaji ya damu ni lita tatu tu hivi. Tunapomwekea mtu dripu, tunagonga mlango wa zile lita tatu. Lita moja ya salaini ikiingia, baada ya muda mfupi ni robo yake tu itakayokuwa bado ndani ya mshipa. Iliyobaki imepenya ikaenda kukaa pembeni. Ndiyo maana unaweza kumkuta mgonjwa amevimba miguu, ukibonyeza kwa kidole gumba panabaki shimo, na wakati huo huo mishipa yake ni mitupu, mdomo umekauka na anaomba maji. Maji anayo, tena mengi. Hayapo tu mahali pa kazi. Nikirudi nyumbani nakutana na familia za namna hiyo: mashamba yapo, watoto waliosoma wapo Nairobi na Marekani, na bibi wa boma hana sabuni.

Sasa nije kwenye chati, maana ndiyo iliyonifunza zaidi kuliko chupa.

Chati ya maji ina pande mbili. Upande mmoja unaandika kinachoingia: dripu, uji, chai, maji ya kumezea dawa. Upande wa pili unaandika kinachotoka: mkojo, matapishi, kuhara, damu, kinachotiririka kwenye mpira wa jeraha. Mwisho wa saa 24 unatoa kilichotoka kwenye kilichoingia. Hesabu ya darasa la nne. Lakini pitia chati za wadi yoyote asubuhi, utaona upande wa kuingia umejaa mwandiko mzuri, saa na sahihi, na upande wa kutoka una vistari vitatu vya kubahatisha, au neno moja lisilosaidia mtu: "amekojoa." Kiasi gani? Mara ngapi? Rangi gani? Kimya.

Wakubwa wetu huita huo uvivu. Uvivu upo, sikatai, na uchache wa wauguzi upo zaidi. Muuguzi mmoja wa usiku kwa wadi nzima hawezi kukimbia na jagi la kupimia kila kitanda. Ila huku Gusii kuna jambo la tatu ambalo vitabu vya uuguzi havikuliandika, nalo ni chinsoni. Asiyekuwa wa kwetu nimweleze: ni ile heshima ya haya kati ya kizazi na kizazi kinachokifuata, baba na binti yake, mkwe na mkaza mwana. Kuna yasiyosemwa mbele yao, yasiyoonekana, yasiyoguswa. Mwili kutoka kiunoni kwenda chini ni wa kwanza katika hayo.

Sasa fikiria mzee wa miaka 75 aliyelazwa kwa moyo ulioshindwa kusukuma. Amepewa dawa ya kumkojoza ili maji yaliyojaa miguuni na mapafuni yatoke. Uhai wake unategemea upande wa pili wa chati. Aliyekaa kando ya kitanda ni mke wa mwanawe, kwa sababu wanaume wa boma wako kazini na mke wake magoti hayamruhusu kupanda matatu. Na anayekuja kuuliza ni mimi, rika la binti yake, ninayemwita tata, yaani baba.

"Tata, tangu asubuhi umeenda haja ndogo mara ngapi?"

"Niko sawa, mwanangu."

"Nashukuru, tata. Ila nataka kujua kiasi."

"Nimesema niko sawa."

Mkaza mwana anatazama dirishani. Chupa ya mkojo niliyoiacha chini ya kitanda ni kavu, maana mzee amejikokota hadi choo cha nje, akihema, akishikilia kuta, ili asikojoe chupani mbele ya mkaza mwana. Kile tunachokihesabu kimekwenda chooni. Na moyo tuliomlaza ili upumzike umefanyishwa kazi ya kupanda kilima.

Ukimkaripia mzee kama huyo, amekwisha kukufungia mlango. Nimejifunza njia mbili, na zote zinaiheshimu haya hiyo. Ya kwanza ni mjukuu. Robert LeVine, Mmarekani aliyekuja kufanya utafiti Gusii katika miaka ya 1950, aliandika kuhusu jambo ambalo kila mtoto wa kwetu anajua: babu na mjukuu hawana haya hiyo. Wanataniana, wanaulizana yasiyoulizika. Kwa hiyo natafuta kijana mmoja wa boma, wa sekondari au aliyemaliza, namwonyesha mistari ya jagi, nampa kalamu na karatasi. Mkaza mwana anapata nafasi ya kwenda nje kuota jua. Babu na mjukuu wanabaki na utani wao juu ya chupa, na jioni naletewa namba: mililita 250, 300, 180. Hakuna chati ya mwanafunzi wa uuguzi niliyowahi kuiamini kuliko za hawa vijana.

Njia ya pili ni mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mzee akipimwa kila alfajiri kabla ya chai, akiwa na nguo zile zile, na leo akawa amepungua kilo mbili, najua lita mbili hivi zimetoka, na sijamuuliza neno. Kuna maswali ambayo mtu hawezi kukujibu lakini anaweza kupanda mizani.

Kwa nini tunahangaika hivyo na mkojo? Kwa mtu mzima, figo zinazopata damu ya kutosha hutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60, mililita 30 kwa saa. Ikishuka chini ya hapo kwa saa kadhaa, mwili unakuambia jambo ambalo uso wa mgonjwa bado haujaonyesha. Nimewahi kuona mgonjwa akiwachekesha wageni wake saa tisa alasiri, na chati yake tangu asubuhi ilikuwa na mililita 90. Yeye alikuwa anaficha, pengine bila kujua kwamba anaficha. Chati haikuficha. Tangu hapo hata nje ya kazi nimekuwa mtu wa kuangalia upande huo. Rafiki akiniambia kazi imenyooka, mshahara umepanda, sasa namuuliza analala saa ngapi, na nani anamtumia ujumbe wa kuomba pesa kila wiki.

Waliofanya kazi hii kabla yangu walihesabu matone zaidi yetu. Malaria ilipopanda mpaka nyanda hizi za juu kwa milipuko katika miaka ya 1990, watu wa wilaya za Kisii na Gucha hawakuwa na kinga ya kuzoea kama ndugu zao wa kando ya ziwa, na wadi zilifurika. Dawa ilikuwa kwinini, na kwinini haikupigwa tu. Ilichanganywa katika maji ya sukari, ikadondoshwa kwa saa nne, kwa kila mgonjwa, kila baada ya saa nane au kumi na mbili. Ikienda haraka, shinikizo la damu linaanguka na moyo unaweza kuyumba. Ilishusha pia sukari ya damu, ndiyo sababu ya maji ya sukari. Wauguzi wazee wanasimulia jinsi walivyosimama kati ya vitanda, jicho moja kwenye saa ya mkononi na jingine kwenye kichupa cha matone. Chupa ya nusu lita kwa saa nne, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Wengine wana namba hiyo mwilini mpaka leo. Ukiwatajia 42 wanatabasamu. Artesuneti ilipochukua nafasi ya kwinini, sindano ikawa ya dakika chache, watoto wakapona zaidi, na mazoea ya kuhesabu yakaanza kulegea.

Yakilegea, kile kigurudumu kidogo cha mrija kinakuwa mali ya umma. Mjomba anakuja kutazama mgonjwa, anaona tone linadondoka polepole, anafikiri tumebania. Anafungua mpaka mwisho. Nusu lita iliyopangwa kwa saa nne inaingia kwa robo saa, ndani ya mtoto wa kilo tisa. Amefanya hivyo kwa mapenzi matupu. Ukimwuliza atakuambia alitaka mtoto apone haraka.

Na wataalamu nao walikuwa na mjomba wao ndani. Kwa miaka mingi ilionekana wazi kwamba mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri apewe maji mengi, upesi. Vitabu vilisema hivyo, Ulaya na Marekani walifanya hivyo. Kisha ukaja utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi, pwani yetu hii, ukifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141. Wengine walipewa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo. Wengine walipewa ya kawaida, ya polepole. Wengi walitarajia maji ya haraka yashinde. Utafiti ukasimamishwa mapema, Januari 2011, kwa sababu yalikuwa yakiua. Ndani ya saa 48 walikufa watoto 10 na zaidi kidogo katika kila 100 waliopewa ya haraka, na 7 katika kila 100 ambao hawakupewa.

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje ya chumba cha wauguzi. Si kwa hofu ya sayansi. Ni kwa sababu kila aliyekuwa amefungua maji hayo, kutoka London hadi kijijini, alikuwa anasaidia. Na angeendelea kusaidia kama watu wenye subira wasingekaa kando ya vitanda vya Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza wakiandika nani amebaki na nani ameondoka. Wengi wa walioandika walikuwa watu wa hapa Afrika Mashariki. Hilo linanipa fahari kuliko medali ya mbio yoyote.

Nisieleweke vibaya, maana jambo hili likisimuliwa nusu linaumiza. Watoto waliokuwa wanahara sana hawakuingizwa katika utafiti huo. Mtoto aliyekaukiwa kabisa kwa kuhara bado anahitaji Ringa mshipani bila kuchelewa: mililita 100 kwa kila kilo, sehemu ya kwanza kwa haraka na iliyobaki kwa saa kadhaa. Mtoto mwingine, uzito ule ule, amehara vile vile, lakini ana utapiamlo mkali. Huyo ukimfanyia hivyo moyo wake unaweza kuzama. Kwa hiyo kabla ya kufungua kigurudumu lazima mtu ajue aliyelala mbele yake ni nani.

Walio wengi, ambao hawajafika hapo, dawa yao inapita mdomoni. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwakumba wakimbizi waliovuka kuingia India, dripu zikaisha, na daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari katika mapipa na kuwaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kunywesha kwa kikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Sehemu ninayoipenda ni ile ya ndugu. Aliwaamini mama na shangazi na kikombe. Mimi nikimpa mama wa Nyamaiya pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa namna hiyo, zinki ya siku 10 hadi 14 na maelezo ya kijiko kimoja baada ya kingine, akitapika asubiri dakika kumi aendelee, ananiuliza: "Sista, yaani unanirudisha na hii tu?" Ninamwelewa. Chupa ingekuwa kazi yangu, na kikombe kinamwachia yeye kazi ya usiku mzima.

Na usiku huo mzima hauandikwi popote. Ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi kadiri ninavyozeeka katika kazi hii. Yule mkaza mwana aliyetazama dirishani alikuwa amelala wiki nzima kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amekunywa chai ngapi? Alikuwa ameacha mtoto na nani? Boma lote lilikuwa na hesabu ya kinachoingia: aliyetuma elfu mbili, aliyelipa maabara, aliyeleta gari. Ilisomwa kwenye mkutano, majina na kiasi. Kilichokuwa kinatoka kwake hakikuwa na mstari. Ni kama bonasi ya majani chai tunayolipwa huku kwetu, na tunaijua: kubwa yake inakuja mara moja kwa mwaka, kwa kishindo, na kufikia Krismasi mwenye shamba anakopa sukari, kwa sababu hakuna aliyekaa kuandika inakokwenda. Ninaogopa kwamba tunawapenda watu wetu kwa namna ya bonasi. Mchango mkubwa siku ya kulazwa, umati mkubwa zaidi siku ya mazishi, na katikati yake mwanamke mmoja kwenye kiti cha plastiki.

Basi nina ombi kwa atakayesoma hapa na ana mgonjwa Kisii, Nyamira, Keroka, Ogembo au kwingineko. Usiguse kigurudumu. Usidai dripu kwa mtu anayeweza kunywa, wala usikatae ikiwa muuguzi anasema inahitajika leo hii. Ukifika, acha kuuliza kama ameongezwa maji. Uliza amekojoa kiasi gani tangu asubuhi, na kama kuna haya, mwite mjukuu. Mtoto anayehara akikataa kunywa, akilegea, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, usisubiri kupambazuke. Na kabla hujaondoka, yule aliyekaa kwenye kiti mwambie aende akaoge na kulala, kisha ukalie kiti hicho wewe mpaka asubuhi.